Kutoshindana, kutovuta wateja au kutunza siri: kifungu kipi kinashika?

Mkataba wa ajira husomwa kwa mpangilio uleule: mshahara kwanza, halafu likizo, halafu notisi, kisha kalamu. Kifungu cha 14 kiko ukurasa wa tisa, nyuma ya maelezo ya kompyuta za ofisi, na hakuna anayekifikia akiwa bado na subira. Huja kusomwa miaka minne baadaye, usiku, mtu ana ofa ya kampuni nyingine mkononi.

Mara nyingi huandikwa hivi. Tukiite kifungu A:

"Mfanyakazi hataajiriwa wala kujiajiri katika biashara yoyote inayofanana na ya Mwajiri, mahali popote, kwa muda wa miaka 3 baada ya ajira kukoma."

Na hiki ni kifungu B, ambacho hukutwa kwenye mikataba iliyoandikwa kwa makini:

"Kwa muda wa miezi 6 baada ya ajira kukoma, Mfanyakazi hatamshawishi mteja yeyote aliyemhudumia yeye binafsi katika miezi 12 ya mwisho ya ajira ahamishie biashara yake kwingine."

Mpe mwajiri achague, atanyakua A, maana kinafunga milango yote kwa pamoja. Mfanyakazi naye atakiogopa A na kukipita B bila kukitazama mara mbili. Wote wawili wamekosea. A ndicho kinachodondoka kwanza mbele ya jaji. B ndicho kinachoweza kukuletea amri ya zuio wiki mbili baada ya kuhama. Nimekaa na mikataba hii muda mrefu, mara upande wa anayeajiri, mara upande wa anayeajiriwa, na ningekuwa mwajiri ningeandika B na kukilipia. Ningekuwa mfanyakazi, B ndicho ningekisoma neno kwa neno.

Kwa nini A hudondoka

Katika nchi zilizorithi sheria ya Kiingereza, jaji huanza na swali moja: mwajiri analinda nini hasa? "Sitaki mshindani" si jibu. Baraza la Malodi, lililokuwa mahakama ya juu ya Uingereza, lililisema hilo waziwazi mwaka 1916 katika kesi ya Herbert Morris dhidi ya Saxelby. Saxelby alikuwa mhandisi wa mitambo ya kunyanyulia mizigo, na mkataba wake ulimfungia kazi hiyo nchi nzima kwa miaka 7. Kampuni ilishindwa. Ujuzi ambao mtu ameujenga kichwani na mikononi mwake, hata kama aliupatia kwenye karakana ya mwajiri, ni wake na anaondoka nao. Mwajiri anaruhusiwa kulinda siri za biashara yake na uhusiano wake na wateja. Ushindani mtupu hana haki ya kuuzuia.

Akishavuka hapo, ndipo kinakuja kipimo: muda, eneo, na aina ya kazi inayokatazwa. Kesi mbili zikiwekwa pamoja huonyesha jinsi kipimo hiki kinavyofanya kazi. Mwaka 1913 kulikuwa na wakala wa mauzo, Mason, aliyezungukia wateja sehemu ya Islington tu, ndani ya London, lakini mkataba wake ukamkataza kazi kama hiyo ndani ya maili 25 kutoka London kwa miaka 3. Kikatupwa. Mwaka 1921, karani wa ofisi ya wakili katika mji mdogo wa Tamworth alikuwa amekubali kutofanya kazi ya uwakili ndani ya maili 7 kutoka ukumbi wa mji, maisha yake yote. Kikashika. Miaka 3 imeanguka, maisha yote yamesimama. Mason alizuiwa katika eneo ambalo wengi wa watu wake hakuwahi kuwaona, ilhali karani wa Tamworth aliwajua wateja wa ofisi ile kwa majina na kwa mambo yao ya ndani, na mji wenyewe ulikuwa mdogo. (Usiende kuandika "maisha yote" kwenye mkataba wa leo. Majaji wa siku hizi wamezoea miezi, si miaka.)

Rudi sasa kwenye vile vifungu viwili. Kifungu A, "mahali popote", kinapimwa dhidi ya nini? Dunia nzima? "Biashara yoyote inayofanana" ni ipi, na kazi gani ndani yake? Mhasibu akihamia kwa mshindani kwenda kuhesabu vitabu, amemnyang'anya mwajiri wake wa zamani kitu gani? Kifungu B hakina maswali hayo. Eneo halihitajiki kwa sababu wateja wenyewe ndio eneo. Wateja ni wale aliowahudumia mwenyewe, wa mwaka mmoja wa mwisho, na muda ni miezi sita, kipindi cha kutosha kwa mtu mpya kushika kiti na kuwapigia simu wote.

Siri: huishi muda mrefu, huthibitishwa kwa shida

Kuna wanaosema: achana na A na B, weka kifungu cha siri tu, kinadumu na hakimzuii mtu kula. Ni kweli kwamba wajibu wa kutunza siri ya kweli ya biashara huendelea baada ya ajira, na nchi nyingi huulinda hata mkataba usipoutaja. Ila siri ya kweli ni nyembamba kuliko waajiri wanavyodhani.

Faccenda Chicken ilikuwa kampuni ya Kiingereza iliyouza kuku kwa magari ya jokofu. Meneja wake wa mauzo, Fowler, aliondoka, akaanzisha biashara yake ileile, na wafanyakazi kadhaa wakamfuata. Walikwenda na yote waliyoyajua: wateja wako wapi, wananunua kiasi gani, gari lipite njia ipi siku ipi, bei ya kila mmoja. Mikataba yao haikuwa na kizuizi chochote cha baada ya kazi. Kampuni ikaenda mahakamani kwa hoja ya siri, na mwaka 1986 Mahakama ya Rufaa ikaikatalia: maarifa ya aina ile yalikuwa yamekwisha kuwa sehemu ya akili ya wafanyakazi, hayakufikia daraja la siri ya biashara. Kifungu kifupi kama B pengine kingeisaidia kampuni kwa kile ilichokuwa inakililia, yaani wateja.

Kwa hiyo kifungu cha siri kinafaa pale ambapo kuna kitu unachoweza kukiweka mezani na kukitaja: kanuni ya kuchanganya dawa, msimbo wa programu, mpango wa bei za zabuni. Kinafaa kwa mhandisi na mtafiti kuliko kwa muuzaji. Na udhaifu wake ni wa ushahidi. Mteja akihama unaona, maana ankara zimekoma. Siri ikivuja hujui, na ukijua, huwezi kuonyesha imepitia mlango gani.

Kulipwa ukae nyumbani

Njia ya nne ni notisi ndefu yenye mshahara: umeandika barua ya kuacha kazi, mwajiri anakwambia usije ofisini, lakini mpaka notisi iishe wewe bado ni mwajiriwa wake na unalipwa. Waingereza huiita likizo ya bustani, kwa mzaha kwamba mtu kaenda kupalilia maua yake. Kwa uzoefu wangu hii ndiyo majaji huitazama kwa jicho jema, kwa sababu tumbo la mtu halijaguswa.

Gharama yake iko wazi: miezi mitatu ya mshahara bila kazi. Kwa mkuu wa kitengo anayejua kila kitu, ni bei nafuu. Kwa karani wa mapokezi ni upuuzi. Mwajiri pia asidhani ana haki hiyo tu kwa kuwa anailipia. Kampuni ya kamari ya William Hill ilijaribu mwaka 1998 kumweka mfanyakazi wake nyumbani bila kifungu cha kuiruhusu, ikashindwa, mahakama ikaona kwamba kazi ya namna ile mtu ana haki ya kuifanya, si kulipwa tu. Iandike.

Mfanyakazi naye asiione kama zawadi. Ujuzi hupoa. Ukipewa miezi sita ya bustani na juu yake miezi sita ya kutovuta wateja, omba ile ya kwanza ikatwe kwenye ya pili. Waajiri waliopewa ushauri mzuri hukubali, kwa sababu vikiunganishwa bila kukatwa ndipo jaji huanza kukunja uso.

(Kifungu cha kurudisha gharama za mafunzo nakipita haraka. Ni deni lililovaa nguo nyingine. Kikihusu kozi halisi yenye risiti, na deni likapungua kila mwezi unaobaki kazini, kina sura ya haki. Kikiwa ni faini ya kuondoka iliyobatizwa jina la mafunzo, kina harufu ileile ya A.)

Nchi inabadilisha jibu lote

Yote niliyoyasema juu ya kupima ni ya kundi moja la nchi. Kabla hujachagua kifungu, tazama kwanza mkataba unatawaliwa na sheria ya wapi.

Kundi la kwanza linakataa. California imekuwa na sheria ya kubatilisha vifungu vya kutoshindana tangu 1872, na kuanzia 1 Januari 2024 hata kukiweka tu kwenye mkataba, au kujaribu kukitumia, ni kosa lenye dhima. North Dakota, Oklahoma na, tangu Julai 2023, Minnesota nazo zimefunga mlango. India ina kifungu cha 27 cha sheria yake ya mikataba, nacho cha 1872: makubaliano ya kumzuia mtu kufanya kazi halali ni batili, isipokuwa anayeuza biashara pamoja na jina lake. Katika nchi za kundi hili usipoteze wino kwa A. Nenda kwenye siri, na kizuizi cha wateja kiandikwe na wakili wa hapohapo, maana California inakitilia shaka nacho pia.

Marekani kwa ujumla haina sheria moja. Tume ya Biashara ya serikali kuu ilitangaza Aprili 2024 kanuni ya kupiga marufuku karibu vifungu vyote vya kutoshindana. Mahakama ya serikali kuu iliyoko Texas ikaifuta 20 Agosti 2024, siku chache kabla haijaanza, na Septemba 2025 tume yenyewe ikaachana na rufaa. Yeyote anayekwambia "Marekani wamekwisha kupiga marufuku" amesoma habari za Aprili akaishia hapo. Kila jimbo lina lake.

Kundi la pili linasema: unataka mtu asifanye kazi? Mlipe. Ujerumani ndiyo iliyolipanga jambo hili kwa utaratibu kuliko wote. Kizuizi kisizidi miaka 2, kiandikwe na kusainiwa, na kwa kila mwaka wa kizuizi mwajiri alipe si chini ya nusu ya stahiki za mwisho za mfanyakazi. Bila ahadi ya malipo, ni batili. Malipo yakiahidiwa lakini chini ya nusu, mfanyakazi ndiye anayechagua: akubali kubanwa na kupokea kilichoahidiwa, au aende zake kwa mshindani. Sijaona kanuni nyingine inayomfundisha mwajiri hesabu haraka kiasi hicho. Ufaransa nayo, tangu hukumu za 10 Julai 2002, inataka malipo. China inayataka kila mwezi, inaweka ukomo wa miaka 2, na sheria yake inawataja wanaoweza kufungwa: wakuu, mafundi wa ngazi za juu, na wenye wajibu wa kutunza siri. Mpishi na mlinzi hawamo.

Katika kundi hili kizuizi cha aina ya A, kikiwa na malipo na muda usiozidi ukomo wa nchi husika, kinaweza kuwa chaguo la busara, kwa sababu pesa imekisafisha. Ni mantiki ileile iliyokuwapo katika kesi ya Nordenfelt ya 1894: mtengenezaji wa bunduki aliuza biashara yake kwa pauni 287,500, akakubali kutoshindana dunia nzima kwa miaka 25, na kikashika. Alikuwa amelipwa. Muuza biashara na mwajiriwa hawapimwi kwa kibaba kimoja.

Kundi la tatu linapima, na humo pia kuna tofauti ambayo wengi hawaijui. Kenya ina sheria maalumu, sura ya 24, inayosema kifungu cha kuzuia kazi si batili kwa kuwapo kwake tu, ila Mahakama Kuu inaweza kukibatilisha ikiona kinazidi ulinzi unaohitajika au kinaumiza umma. Uingereza, mzigo wa kuthibitisha kwamba kizuizi ni cha kiasi uko kwa mwajiri. Afrika Kusini, tangu hukumu ya Magna Alloys ya 1984, ni kinyume: kifungu kinashika mpaka mfanyakazi athibitishe kwamba hakifai. Maneno yaleyale, mfanyakazi yuleyule, na anayehangaika kutafuta ushahidi amebadilika. Kama mkataba wako unatawaliwa na sheria ya Afrika Kusini, usije ukasaini A kwa kujipa moyo kwamba "hakitashika".

Jaji anaweza kukirekebisha?

Hapa waajiri wengi hujipa matumaini: andika pana, jaji atapunguza. Mahakama za Kiingereza zina wanachokiita penseli ya bluu. Jaji anaweza kukata neno likiondoka bila kuacha pengo, lakini haandiki neno jipya. Mwaka 2019 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliitumia katika kesi ya Tillman dhidi ya Egon Zehnder. Kizuizi cha miezi 6 kilimkataza mfanyakazi hata kuwa na maslahi katika kampuni shindani, maana yake asinunue hisa hata moja. Maneno hayo ya maslahi yakakatwa, kilichobaki kikashika.

Jaribu penseli hiyo kwenye kifungu A. Ukikata "mahali popote", bado hakuna eneo, kwa hiyo bado ni kila mahali. Ukikata "miaka 3", hakuna muda. Hakikatiki. Baadhi ya majimbo ya Marekani huruhusu jaji kukiandika upya kabisa, na mengine hukitupa chote kikiwa na kasoro moja, kwa hiyo kuandika pana kwa makusudi ni kucheza kamari usiyojua meza yake.

Barua isiyofika mahakamani

Vifungu vingi havionwi na jaji hata siku moja. Kazi yake hufanywa na barua ya wakili, nakala ikaenda kwa mwajiri mpya, na mwajiri mpya akasema "tutakuita mambo yakitulia". Kifungu kibovu kimeshinda bila kesi. Mtandao wa Marekani wa kuuza sandwichi, Jimmy John's, ulikuwa umewafunga hata watengeneza sandwichi wa kawaida kwa miaka 2. Uliachana na vifungu hivyo mwaka 2016 baada ya wanasheria wakuu wa New York na Illinois kuingilia. Hakuna aliyeamini mkate na nyama vina siri ya miaka miwili. Kilichowekwa pale ni woga.

Ndiyo maana kwa mfanyakazi "kinashika au hakishiki" ni nusu tu ya swali. Wakati wa kukibishia ni kabla ya kusaini, na hoja rahisi kuliko zote ni kumpa mwajiri kitu kizuri zaidi: niondolee A, nakusainia B. Akisita, muulize ni wateja gani au siri gani anayoihofia, na jibu lake liandikwe kama lilivyo. Mara nyingi hana jibu, kifungu kilinakiliwa kutoka mkataba mwingine.

Kama umekwisha kusaini, angalia mambo mawili. Kizuizi chini ya sheria ya Kiingereza hupimwa kwa hali ya siku kiliposainiwa, kwa hiyo aliyekisaini akiwa mwanagenzi anaweza kuwa huru leo akiwa meneja. Na mwajiri mwerevu humpa mkataba mpya siku ya kumpandisha cheo, pamoja na nyongeza. La pili: mwajiri akikufukuza kwa kuvunja mkataba yeye mwenyewe, kwa mfano bila notisi uliyostahili, kanuni ya Kiingereza iliyotokana na kesi ya General Billposting ya 1909 inasema hawezi tena kushikilia vizuizi vyake. Hili hufaa kujulikana kabla hujakubali "tuachane kwa wema" na kusaini karatasi inayovihuisha.

Na nakala iliyosainiwa ipeleke nyumbani wiki hiyohiyo uliyoajiriwa. Siku utakayoandika barua ya kuacha kazi, baruapepe ya ofisi inaweza kufungwa kabla ya saa sita mchana, na kifungu cha 14 kitabaki kwenye kabati la utumishi, ambalo wewe huna ufunguo wake.